Viganja vya Magamba ya Mkizi

Njoro,
10 Novemba 1946

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi za mwanao, na ni tumaini langu barua hii itakukuta u mzima, wewe na wanangu wawili. Mimi sijambo, ila baridi. Mama, baridi ya Njoro haina adabu hata kidogo. Asubuhi natia mikono majini, nikiitoa nailazimisha kufumba vidole kimoja kimoja.

Sasa nikupe kioja cha jana. Wale watoto wawili wa kizungu ninaowalea, Memsabu aliwaketisha mezani nami nikaambiwa nikae nao wasije wakakatana na mkasi. Watengeneza mapambo ya Krismasi, na Krismasi yenyewe bado mwezi na nusu! Wana mipira ya kioo iliyotoka Ulaya kabla ya vita, myembamba kuliko ganda la yai. Ikivunjika haitupwi. Memsabu huifunga kwenye kitambaa akaigongagonga kwa chupa mpaka ikawa unga, na unga huo unameta, Mama, unameta mpaka macho yachoke. Basi wakata nyota kwa boksi, waipaka uji wa ngano, wanyunyiza ule unga, wakung'uta. Kwisha. Nyota hiyo.

Yule mdogo ana miaka mitatu kama Mapenzi wangu. Nilimshika mkono, akanyunyiza, akacheka, akanipaka unga puani. Nami nikacheka naye. Halafu nikatoka nje nikalia nyuma ya banda la kuni, sikuficha, mpishi aliniona. Mkono wa mtoto wa watu naujua kila kidole, na wa mwanangu sijui umefika wapi. Nilimwacha ana miaka miwili, Mama, baba yao hajatimiza hata mwaka kaburini.

Picha najua hatuwezi. Nakuomba hivi: uwatengenezee nao mapambo, uwachore viganja vyao juu ya boksi, ukate, muweke kitu cha kumeta, unitumie. Nataka nijue wamekua kiasi gani. Kenga ana saba sasa, atakusaidia.

Wabusu wote wawili.

Mwanao,
Florence


Shika Adabu, Likoni,
15 Desemba 1946

Florence mwanangu,

Marahaba. Sisi huku sote hatujambo: mimi, Kenga, Mapenzi, na kuku wawili, maana wa tatu amekuwa mchuzi. Twamshukuru Mungu.

Ati nigonge kioo watoto wakitie vidoleni! Wazungu wana mambo. Nilikaa siku tatu nafikiri nitapata wapi kitu cha kumeta. Jibu lilitoka kwa jirani yetu Odhiambo, yule wa bandarini, mtu ambaye siku bila samaki kwake si siku. Alikuwa anamparua mkizi mlangoni kwake, magamba yanaruka juani. Nikamwambia, usitupe hayo. Akaniangalia kama nimepungukiwa.

Niliyaosha kwa ndimu na chumvi mara tatu, nikayaanika kwenye ungo. Yakikauka ni meupe, ukiyageuza juani yana waridi na kijani. Halafu nikapika uji mzito wa muhogo ndio gundi. Shida ni paka. Paka wa Shika Adabu nzima wamehamia kwangu, wanakaa kwa safu wanatazama ungo kama watu wa kanisani.

Kenga alitoa mkono wake vizuri, mtu mzima yule. Lakini Mapenzi, wallahi, alinitoa jasho. Penseli ikipita kati ya vidole anatekenyeka, anacheka, anavuta mkono. Ikaponyoka hapo kwenye kidole gumba ikatoa pembe, utaiona, ni kama ana kidole cha sita. Nikasema nianze upya, akakataa kunipa mkono tena. Basi nikakata vivyo hivyo. Nililikunja boksi, kwa hiyo mkasi ulikata viwili viwili: kimoja chako, kimoja chetu. Vyetu tumevitundika kwenye tawi la mti wa mvinje, na Krismasi ikipita nitavipigilia ukutani.

Kuna jambo nikwambie, ucheke au ulie, shauri yako. Barua yako ikifika, Kenga hupiga kelele, "Mama kaja!" Sasa Mapenzi ameshika kwamba Mama ni barua. Juzi nilimwaga maji mezani, akanijia mbio mimi bibi yake: "Hawe, Hawe, Mama amelowa!" Nilimweleza kwamba Mama ni mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia "Abee Hawe," akaenda kuianika barua juani.

Njoo mwanangu. Si leo, lakini njoo.

Mimi mamako,
Kafedha


Njoro,
6 Januari 1947

Mama mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi sijambo kabisa, na safari hii si maneno ya barua tu.

Viganja vimefika, na harufu yake imefika siku moja mbele! Mbwa wa Memsabu amelala mlangoni kwangu tangu juzi. Memsabu mwenyewe ameniuliza kama nimeficha samaki. Nikasema hapana Memsabu, ni watoto wangu. Hakuelewa, nami sikumweleza zaidi.

Nimevitundika juu ya kitanda. Jua la asubuhi likiingia magamba yanameta vizuri kuliko kioo chao cha Ulaya, na hayo si majivuno. Nimekilaza cha Mapenzi juu ya kiganja changu, kinaishia katikati. Na ile pembe ya penseli ndiyo naipenda zaidi, maana namwona anacheka.

Sikiliza. Nimesema na Memsabu. Krismasi ijayo nitapewa mwezi mzima nije nyumbani. Ameahidi. Viganja hivi nitavileta, na vya Krismasi hiyo tutavikata pamoja, tuvipime tuone nani kakua zaidi. Na nitamwonyesha Mapenzi kwamba nina uso.

Mwanao,
Florence


Shika Adabu,
4 Mei 1947

Florence mwanangu,

Marahaba mama. Sote hatujambo. Ule mgomo wa Januari uliokuwa huku umekwisha zamani, Odhiambo karudi kazini, na samaki wamerudi mlangoni kwake.

Kenga ameanza shule ya misheni. Ananisahihisha ninavyoandika, sasa nina mwalimu nyumbani bila kumwomba. Mapenzi anasema sana, sijui kamrithi nani. Wewe? Hapana, wewe ulikuwa kimya. Basi mimi.

Jana ameniuliza, "Hawe, Mama ana miguu?" Nikamwambia anayo, na Krismasi atakuja nayo. Akafikiri. Akauliza, "Na mikono?" Nikasema hata mikono. Akaenda ukutani akatazama viganja vyao viwili, akaniambia cha Mama hakipo. Kweli hakipo.

Mamako,
Kafedha


Njoro,
13 Julai 1947

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sijambo, na hesabu yangu ni miezi mitano tu.

Mwambie Mapenzi miguu ninayo, tena mikubwa, viatu nilivyopewa na Memsabu vimekataa kuingia. Na mikono ndiyo hii. Hapa chini nimeuchora wangu wa kulia kwa penseli nyekundu ya watoto. Mwambie auweke wake ndani yake, kila siku mara moja, mpaka nije. Hiyo ndiyo salamu yetu mimi na yeye. Kenga nitamwandikia barua yake peke yake, kwa kuwa ni msomi.

Nimeanza kumshonea Mapenzi gauni, la manjano. Mpime mabega kwa uzi unitumie.

Mwanao,
Florence


Njoro,
28 Septemba 1947

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, lakini mbona kimya? Barua ya Julai hukujibu, ya Agosti hukujibu, na uzi wa mabega sijaupata. Gauni limekaa bila mikono.

Lakini moyo umetulia kidogo, maana Gershom alipita Jumapili. Nilishangaa kumwona! Binamu yangu mimi, gadi mzima wa gari la moshi, kateremka Njoro kwa ajili yangu. Nilimkaribisha chai na mkate, nikamwonyesha viganja, nikamwonyesha gauni. Macho yake mekundu. Nikamuuliza una nini, akasema ni moshi wa injini. Halafu akaniuliza, "Hapa una mwanamke wa karibu, mtu wa kukaa naye?" Nikamcheka. Nikamwambia kama umetumwa na Mama kunitafutia mume, mwambie kwanza nije nyumbani Krismasi. Hakucheka.

Nikamuuliza, hawajambo nyumbani? Akasema, "Shangazi anakusalimu." Alikuwa amepakata kifurushi kidogo cha gazeti, nikadhani umeniletea kitu, lakini aliondoka nacho. Aliponiaga alinishika mkono muda mrefu.

Mama, kama kuna homa, niambie. Kama ni wewe unaumwa, niambie.

Mwanao,
Florence


Shika Adabu,
12 Oktoba 1947

Florence mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Mimi siumwi. Kenga anaendelea na shule. Mvua imechelewa.

Gershom nimemwona, nimemgombeza, hayo ni yangu na yeye.

Njoo Krismasi. Usilete kitu, njoo wewe. Kama Memsabu anaweza kukuachilia mapema, njoo mapema. Mengine tutasema ukifika.

Mamako,
Kafedha


Njoro,
30 Novemba 1947

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Sitakuja. Memsabu ni mjamzito, daktari amemwambia alale kitandani asinyanyuke mpaka ajifungue, na watoto hawana mtu ila mimi. Nililia mbele yake, nikamwambia ulisema. Akasema ni kweli nilisema, na nitakupa mwezi wa tatu. Bwana akaongeza kwamba nikiondoka sasa nisirudi. Nimekaa siku nne naipanga safari kichwani na kuipangua. Kenga yuko shule, Mama, na baba yao hayupo. Nimebaki.

Najua Mapenzi ataona Mama ni mwongo. Mwambie mwezi wa tatu. Ana miaka minne, mwezi wa tatu hataujua, mwambie tu baada ya mvinje kukauka.

Gauni nimelimaliza kwa kukisia, nitakuja nalo mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja, uniponye roho: nitumie viganja vya mwaka huu, vyote viwili. Nitavipima huku peke yangu.

Mwanao,
Florence


Shika Adabu,
14 Desemba 1947

Florence mwanangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako. Nilikuwa nimeshafagia chumba.

Viganja hivi hapa, viwili kama ulivyotaka. Odhiambo alitoa magamba. Nakutakia Krismasi njema. Kula vizuri.

Mamako,
Kafedha


Njoro,
27 Desemba 1947

Mama,

Nilivifungua siku ya Krismasi baada ya kuwalaza watoto wa Memsabu adhuhuri. Nilikuwa nimejiwekea furaha hiyo, sikutaka kuila kwa haraka.

Nilivitandaza kitandani pamoja na vya mwaka jana. Cha Kenga cha mwaka huu nikakiweka juu ya kile cha zamani, kimepita kila kidole kwa upana wa ukucha. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu atakuwa mrefu kama baba yake.

Nikaweka cha Mapenzi. Kimekaa sawasawa. Nikasema nimekosea, nimeweka kile kile. Nikavigeuza. Ni viwili, Mama, na vimelingana vidole vyote vitano, na ile pembe ya penseli ipo kwenye gumba, pale pale. Nikakinusa. Nikakwangua magamba ya juu kwa ukucha, na chini yake yako mengine ya zamani, yamegeuka manjano.

Mtoto wa miaka minne, mwaka mzima, mkono usikue hata upana wa uzi?

Nimezisoma barua zako upya, nimezipanga kitandani. Tangu Mei hukuandika "sote hatujambo." Tangu Mei hukuliandika jina lake. Nimemkumbuka Gershom na ule moshi wa injini, na mimi nikimcheka! Nikimwonyesha gauni!

Sikuombi uniandikie salamu. Nakuuliza jambo moja tu, nawe ni mamangu, unijibu. Mtoto wangu yuko wapi?

Florence


Shika Adabu,
5 Januari 1948

Florence mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Kama una mtu karibu, hata huyo mpishi, mwite akae nawe kabla hujaendelea kusoma. Nakuomba.

Mapenzi amefariki. Alifariki Jumanne tarehe 19 Agosti, asubuhi, mikononi mwangu.

Ilianza Jumapili kwa homa. Nikamkanda kwa maji, nikampa dawa. Jumatatu jioni degedege likampata, likaachia, likarudi. Kulipokucha nilimbeba, Odhiambo akanitangulia kuomba watu njia, tukavuka kwa feri mpaka hospitali. Daktari alimpokea mbio, hakutuweka hata dakika. Walijitahidi, mwanangu, niliwaona kwa macho yangu. Lakini alikuwa ameshachoka. Hakulia. Alinishika kidole, kisha akaacha.

Barua yako ya Julai, ile yenye mkono mwekundu, ilimfikia. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Kila asubuhi alikuwa akiilaza chini, anaweka mkono wake ndani ya wako, anasema, "Mama, shikamoo," halafu mwenyewe anajibu kwa sauti nene, "Marahaba." Siku hizo zote za homa ilikuwa chini ya mto wake. Nilipomwosha na kumvika, sikuweza kumwondolea. Amezikwa nayo, mkono wake juu ya mkono wako. Ndiyo sababu hukupata jibu la barua ile, haipo nyumbani. Yuko nyuma ya kanisa, upande wenye kivuli. Nimepanda maua, na Kenga humwagia maji.

Sasa nikwambie kosa langu. Kwetu kifo hakitiwi kwenye barua. Wajua mwenyewe, tangu wazee, hupelekwa na mtu, anakukalisha, anakupa maji, anakwambia, na ukianguka yupo wa kukushika. Karatasi ingekushikaje wewe, peke yako katika nyumba ya watu? Nikamtuma Gershom. Kile kifurushi kilikuwa kaniki yako ya matanga, akupe akishakwambia. Aliporudi nilijua umeshaambiwa, nikakaa nangoja kilio chako. Halafu barua yako ikaja inazungumza juu ya mikono ya gauni! Nilimwita Gershom. Akapiga magoti akaniambia, "Shangazi, alikuwa anacheka. Kila nikifungua mdomo ananionyesha kitu." Nilimtukana, kisha tukalia wote wawili.

Nikasema basi, anakuja Krismasi, nitamwambia mimi. Nilifagia chumba nikaweka mkeka. Ukaandika huji, na ukataka viganja viwili.

Ningetuma kimoja, ungejua. Nilikaa na mkasi mkononi, boksi limeshakatwa la Kenga, na mkono wa pili sina pa kuutoa. Nikakitoa kile cha ukutani nikakipaka uji upya, nikanyunyiza magamba mapya. Kenga alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Hawe, huo si uongo?" Nikamwambia nyamaza. Sijapata kumnyamazisha mtoto yule kwa kusema kweli mpaka siku hiyo.

Sikufikiria kwamba ungevipima. Yaani nilisahau kwamba ndicho ulichokuwa unakitaka. Nilikuwa nakupa miezi mitatu ya kuwa na watoto wawili, nami nikaona ni zawadi. Nimekukosea, Florence. Nimekunyima msiba wako miezi minne. Nisamehe ukiweza.

Mamako,
Kafedha


Shika Adabu,
1 Februari 1948

Florence mwanangu,

Sijapata neno lako. Kenga anakwenda posta kila Ijumaa, anarudi mikono mitupu.

Si lazima uniandikie mimi. Mwandikie yeye. Ukutani pamebaki kiganja chake cha zamani peke yake, na amekitoa mwenyewe, anasema hakipendezi kikiwa kimoja.

Mamako


Njoro,
15 Februari 1948

Mama,

Shikamoo. Hiyo shikamoo imenichukua wiki tano kuiandika.

Nilikuchukia, nikwambie kweli. Kuna siku nilizichana barua zako zote ila ile ya mwisho. Tarehe 19 Agosti nimeitafuta kichwani: nilikuwa nafanya nini, nilikuwa wapi? Nimekumbuka. Mtoto mdogo wa Memsabu alikuwa na mafua, nami nilikaa kando ya kitanda chake asubuhi nzima nikimwimbia. Mafua, Mama! Nilimwimbia mafua, na wangu anakufa.

Na kwa miezi minne nimekula, nimecheka, nimeshona gauni. Nimevaa nguo nyekundu Krismasi. Hilo ndilo sijakusamehe. Nimekusamehe robo, kwa sababu ya ile barua uliyomwachia mkononi. Iliyobaki nitakuja nayo tukae nayo wote.

Memsabu kajifungua, mtoto wa kike. Walipokuja kunipa nimpakate nilisema hapana. Bwana akaniuliza kwa nini, nikasema mimi nina wangu wa kumlilia. Kazi nimeiacha. Walinipa barua ya sifa, imo kwenye sanduku pamoja na gauni.

Nitafika Jumamosi tarehe 28, gari la asubuhi. Gershom atakuwa gadi wa gari hilo. Nimemwandikia asiniambie neno lolote njiani, na asilie. Hana kosa, mwambie.

Kiganja kimoja cha Mapenzi nakirudisha ndani ya bahasha hii, na cha Kenga kipya kiko pamoja nacho. Mwambie Kenga avitundike. Kile kingine cha Mapenzi kitakuja nami, sitakiachia mtu.

Sasa nakuomba, Mama. Usije kunipokea kwenye feri. Wanawake wasije, Odhiambo asije. Nitakuja kwa miguu yangu mpaka mlangoni na nitabisha hodi. Nitakwambia shikamoo, utaitikia marahaba. Utaniuliza habari za safari, nitasema njema. Unikalishe kwenye ule mkeka uliouweka, unipe maji, Kenga akae nyuma yangu, na kaniki iwe karibu yako.

Halafu uniambie kwa mdomo wako, tangu Jumapili ile ya homa, kama inavyotakiwa. Mimi nitakuwa sijui kitu.

Mwanao,
Florence